Upande Usiochubuka

Jumanne, tarehe 5 Novemba, mwaka 2019, Inspekta Nives Baldrati wa polisi wa barabarani alipiga magoti tena mbele ya pikipiki nyekundu, na magoti yake yakalia kama mlango wa ghala. Mvua ya milimani ilikuwa ikitwanga mabati ya yadi ya magari yaliyokamatwa. Kahawa yake ilikuwa imepoa juu ya pipa la mafuta, na hakuwa na nguvu ya kuinuka kuifuata.

Kesi yenyewe ilikuwa imekwisha kumalizwa na kila mtu isipokuwa yeye. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, klabu ya pikipiki ya Monterasso ilifanya safari yake ya kufunga msimu. Walipanda mlima, wakala chakula cha mchana katika mkahawa wa kileleni, na wakati wa kushuka pikipiki hii ikamgonga Bi Argia Lolli, mjane aliyekuwa akiokota uyoga kando ya kona. Nyonga yake ilivunjika. Mwenye pikipiki, Denis Ravaioli, dereva wa basi la shule, alikutwa amesimama mahali pa ajali, naye alikiri palepale. Mwendesha mashtaka alitaka jalada mezani kesho asubuhi. Jalada likifika, Denis angefutiwa leseni kwa miaka mingi. Na dereva asiye na leseni hana basi, na asiye na basi hana mshahara wa kuwalisha binti zake wawili.

"Kijana amekiri, Afande," alisema Koplo Cosimo kutoka chini ya mwavuli. "Sasa unatafuta nini tena humo? Roho ya pikipiki?"

"Natafuta sababu ya kwenda nyumbani mapema, Cosimo. Sijaiona."

Alimpa koplo picha zilizopigwa na askari wa doria siku ya ajali. "Mtazame Denis hapa. Katika maelezo yake anasema aliburuzwa kwenye tope mpaka ndani ya magugu. Koti lake likoje?"

Cosimo alikaza macho. "Safi."

"Safi kama la bwana harusi."

"Labda alijifuta."

"Bi kizee amelala barabarani analia, yeye asimame kufuta koti?"

Inspekta alipitisha kidole upande wa kulia wa pikipiki. Kioo cha pembeni kilikuwa kimevunjika, bomba la moshi limekwanguka, tangi limechubuka rangi mpaka chuma kimeonekana. Pikipiki ilikuwa imelalia ubavu huo tangu kuanguka hadi kusimama. Kisha akasogea upande wa kushoto, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Upande huo haukuwa na mkwaruzo hata wa ukucha. Taa ilikuwa nzima, rangi inang'aa. Lakini pedeli ya gia, kile kipande kidogo cha chuma kinachokaa mbele ya mguu wa kushoto wa dereva, ilikuwa imepinda kuelekea ardhini.

"Imeanguka, lazima kitu kipinde," alisema Cosimo.

"Imeangukia kulia. Kilichopinda kiko kushoto. Ardhi gani hiyo iliyoupiga upande usioigusa?"

Akawasha umeme wa pikipiki. Kwenye kioo cha vipimo ikaonekana gia iliyokuwa imeingia: ya kwanza. Gia ya kuondokea, gia ya kutambaa. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeshuka mlima kwa kasi na kuitia.

"Fungua hiyo pedeli," alisema Inspekta. "Itie kwenye mfuko, andika lebo. Na unisaidie kuinuka."

*

Hospitali ilikuwa bondeni. Bi Argia Lolli alilazwa karibu na dirisha, mguu umefungwa kwa kamba na vizito, nywele zimechanwa vizuri kama anayekwenda kanisani.

"Umekuja tena?" alimwuliza Inspekta. "Na uyoga wangu? Kikapu kilijaa. Yule kijana wa gari la wagonjwa ndiye aliyeula, mimi najua."

"Nitamwuliza, mama. Nieleze tena ile kelele."

"Nimekwisha kukueleza. Niligeuka, nikaona wekundu unakuja. Halafu mashine ikapiga mayowe, kama nguruwe siku yake ya kuchinjwa, Desemba. Ndipo ikanigonga."

"Mayowe yalikuja kabla ya kukugonga, au baada?"

"Baada nilikuwa napiga mimi."

Inspekta aliandika. Dereva anayefunga breki huiachia mashine ipoe. Mashine haipigi mayowe. Hulia hivyo inapolazimishwa kuingia gia ndogo wakati gurudumu bado linakwenda mbio.

"Kisha akaja akaniinamia," Bi Argia aliendelea, "kofia ngumu kichwani, kioo kimefunikwa tope. Nikasema, huyu ataniomba radhi. Unajua aliniuliza nini? 'Tumeshakula?'"

Nyuma ya kitanda, muuguzi alitikisa kichwa taratibu na kuionyesha chupa ya dawa ya maumivu iliyotundikwa.

"Usimtikisie kichwa mwenzako, wewe msichana, nakuona kwenye dirisha," alisema Bi Argia. "Aliniuliza. Mara mbili. Nami nikamjibu, bado."

"Ilikuwa sauti ya kijana au ya mzee?"

"Ilikuwa sauti ya mtu mwenye njaa."

Inspekta alifunga kalamu. Katika miaka yake ya kazi alikwisha kuwasikia majeruhi wakizungumza na ng'ombe, na marehemu, na watakatifu. Hata hivyo aliliandika swali lile.

*

Baa ya Ivonne ilikuwa katikati ya Monterasso, mkabala na gereji ya Mzee Learco Zauli. Ndani kulikuwa na harufu ya supu na ya makoti ya ngozi yaliyolowa. Ukutani, juu ya kaunta, palikuwa na safu ya misumari, na kila msumari umeangikwa kikombe cha mwanachama mmoja wa klabu, jina limeandikwa kwa rangi. Msumari mmoja ulikuwa mtupu.

"Kikombe cha Denis kiko wapi?" aliuliza Inspekta.

"Ndani ya kabati la mabakuli ya paka," alijibu Mzee Learco kutoka mezani. Alikuwa rais wa klabu, fundi tangu ujana wake, mwenye umri wa miaka sabini na tisa. Alikuwa na plasta kwenye paji la uso na mikono isiyotakata grisi hata kwa maji ya moto. "Nimekiondoa mwenyewe. Miaka ishirini namfundisha! Baba yake amekufa akiwa mdogo, nikamwambia njoo gerejini. Nikamfundisha kushika spana, nikamfundisha kona. Halafu anakuja kumvunja mjane kwenye kona ya watoto wachanga! Huyo si mpanda pikipiki, mwanangu. Huyo ni msukuma mkokoteni."

Watu waliokuwa mezani waliinamia vikombe vyao.

"Basi mzee, tumesikia," alisema Nevio, mwokaji mikate, mtu mnene mwenye nyusi nyeupe kwa unga.

"Hamjasikia. Mngesikia mngekuwa mmemtukana pia. Nyinyi mmemlegezea kama mama wakwe."

Inspekta alivuta kiti. Alikuwa amesoma maelezo ya wote usiku uliotangulia, na wote walikuwa wamesema maneno yaleyale kwa mpangilio uleule: Denis alitangulia, Denis aliteleza, Denis alisimama kumsaidia majeruhi. Watu sita walioangalia jambo moja huona mambo sita. Walioona jambo moja tu, wamekaa kikao.

"Bwana Nevio, unachechemea."

"Gunia la unga limeniangukia."

"Lini?"

"Jumapili."

"Jumapili mlikuwa mlimani."

"Jumapili asubuhi, Afande. Mkate haujui Jumapili."

"Ulikunywa kiasi gani mlimani?"

"Kiasi cha kuwa mchangamfu, si cha kuwa mjinga."

"Mpaka huo yeye haujui ulipo," alisema Ivonne, mwenye baa, akiweka supu mbele ya Inspekta bila kuulizwa. Meza ilicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka kunyamaza.

Inspekta alikunywa supu huku akitazama picha ukutani. Zilikuwa za kila safari ya kufunga msimu, za miaka mingi. Alizitazama moja baada ya nyingine mpaka akaona jambo. Katika picha hii Nevio, na unene wake, alikuwa juu ya kipikipiki cha kike cha rangi ya waridi. Katika ile, Ivonne alikuwa juu ya dude la kwendea jangwani, miguu inaning'inia.

"Katika picha zote hizi karibu kila mtu yuko juu ya pikipiki isiyo yake," alisema.

Nevio alitupa jicho kwa Ivonne. Lakini Mzee Learco uso ulimwangaza.

"Ni kura ya kofia, mwanangu! Ni desturi yetu tangu enzi ya marehemu baba yake Nevio. Siku ya kufunga msimu, baada ya chakula, funguo zote tunazitia ndani ya kofia ngumu. Kila mtu anachomoa, na ulichochomoa ndicho unachoshukia nyumbani. Ukimwamini mwenzako, unampa mke wako wa chuma."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu hatukupiga," alisema Nevio upesi.

"Hatukupiga," mzee alikubali kwa huzuni. "Niliharibu mimi. Nilianguka kwenye ngazi za mkahawa baada ya supu, nikapiga kichwa. Mimi mwenyewe sikumbuki, wao ndio walionieleza. Wakaniteremsha kwa gari la mikate la Nevio, lililotufuata na vipuri, kama gunia."

Inspekta alimgeukia Nevio. Mguu unaochechemea, mvinyo, na sasa kura ambayo wote walikuwa wameificha: jibu lilikuwa limekaa mbele yake, limevaa aproni. "Bwana Nevio, nakuuliza mara moja tu. Siku ile ulichomoa ufunguo wa nani?"

Nevio alianza kutoka jasho. Ivonne aliona, akajitia kati kwa haraka ya mtu anayezima moto kwa kitambaa.

"Mwache, Afande, tulikuwa na mgonjwa, nani angekumbuka kura? Njia nzima nimemshika mzee kichwa. Hata jina lake mwenyewe halijui, anauliza lilelile tu: 'Tumeshakula? Ivonne, tumeshakula?' Na tambi za viazi alikula sahani mbili!"

"Tatu," alisema mzee. "Hizo nazikumbuka."

Inspekta aliweka kijiko chini taratibu. Chini ya meza, miguu ya wanachama ilikuwa imenyooshwa kuelekea jiko la kuni ili viatu vikauke. Viatu vya Nevio, na vya wengine wote, vilikuwa vimelika ngozi juu ya vidole vya mguu wa kushoto, pale wanapoinulia gia. Viatu vya Mzee Learco havikuwa hivyo. Chake cha kushoto kilikuwa kizima. Cha kulia kilikuwa na kiraka cha ngozi mpya kilichoshonwa kwa mkono.

"Kiraka hicho kimeshonwa vizuri, mzee," alisema.

"Nimekishona mwenyewe. Pikipiki yangu ya mwaka sitini na tatu ina gia kulia na breki kushoto, kama zilivyokuwa zote zamani, kabla ya watu kuzigeuza. Tangu ujana sijapanda nyingine. Hata kwenye kura, hawa huchomoa kwa ujanja mpaka unabaki ufunguo wangu. Wanadhani sioni."

Inspekta Nives aliinuka. Alisahau mwavuli wake. Ivonne alimkimbilia nao mpaka mlangoni, na walipotazamana, mwenye baa ndiye aliyeinamisha macho.

*

Denis Ravaioli alikuwa nyuma ya shule akiosha basi ambalo sasa hakuruhusiwa kuliendesha. Mvua ilikuwa inaliosha pia, lakini alisugua.

"Nimekwisha kuandika maelezo yangu," alisema kabla hajasalimiwa.

"Nimeyasoma. Yameandikwa vizuri. Nionyeshe viatu vyako vya pikipiki."

"Ndivyo hivi."

Cha kushoto kilikuwa kimelika juu ya vidole. Inspekta alitoa mfuko wa plastiki mfukoni na kuuinua usawa wa macho yake. "Hii ni pedeli yako ya gia. Imekanyagwa na mtu mzima kwa uzito wake wote. Ulipomwona Bi Argia, ulikanyaga mguu gani?"

Denis aliitazama pedeli, kisha viatu vyake.

"Wewe ungekanyaga wa kulia, Denis. Nevio pia. Na wenzako wote. Ni mtu mmoja tu katika klabu yenu ambaye akishtuka, mguu wake wa kushoto unatafuta breki."

"Afande, tafadhali."

"Alimwuliza Bi Argia kama mmeshakula."

Kijana aliketi kwenye ngazi ya basi. Sabuni ilimtiririka mkononi, akaiacha.

"Kosa ni langu," alisema. "Sisemi hivyo kwa ajili ya maelezo, nasema kweli. Tangu niinunue hiyo nyekundu, mzee akipita anaigusa tangi. Anasema ni sanduku la redio, si pikipiki. Halafu kesho anaigusa tena. Nikasema, mwaka huu apate raha mara moja. Nikapanga mpaka ufunguo uliobaki ndani ya kofia ukawa wangu. Alicheka kama mtoto. Mimi nikawa nyuma yake, juu ya pikipiki yake, naona anavyokwenda vizuri. Kona zote alipita vizuri. Mpaka alipotokea yule mama."

"Na hakumbuki chochote."

"Hakumbuki. Aliinuka mwenyewe kutoka kwenye magugu akiuliza chakula. Tukatazamana, tukaona: akijua, atavua buti, atalala, na hataamka. Nikawaambia mtoeni hapa."

"Amekuondolea kikombe chako."

"Najua."

"Anakuita msukuma mkokoteni mbele ya watu."

"Wiki nzima." Denis alijaribu kutabasamu. "Hurudia lilelile. Angekuwa mzima angekuwa amenitafutia tusi jipya."

"Na binti zako watakula nini? Heshima ya mzee?"

Denis alijifuta sabuni mkononi. Inspekta alikaa karibu naye kwenye ngazi iliyolowa, kwa kuwa magoti yalikataa kusimama.

"Nikimwandika yeye, ninyi mtasema ninasema uongo, wote sita," alisema. "Nami nina kipande hiki cha chuma tu. Mwendesha mashtaka amepanda baiskeli tu maisha yake yote, atanicheka."

"Basi niandike mimi."

"Hapana," alisema Inspekta, na akaanza tena kazi ngumu ya kuinuka. "Nitamwuliza fundi."

*

Mzee Learco alikuwa gerejini, akifuta pikipiki yake ya mwaka sitini na tatu kwa kitambaa cha flana. Inspekta aliweka mfuko juu ya meza ya kazi, katikati ya spana.

"Nahitaji jicho la fundi, mzee. Niambie hii imepata nini."

Mzee alifurahi. Alivaa miwani, akautoa ule mfuko kwenye kivuli, akaugeuza mbele ya taa. "Ni ya Denis. Ya gia. Imepinda."

"Kwa sababu ameanguka?"

"Pikipiki ililalia upande gani?"

"Kulia."

"Basi si kuanguka. Na si jiwe. Jiwe lingeacha kovu, hapa pamelainika. Hii ni soli ya kiatu." Alisogeza miwani. "Huyu alikanyaga. Alikanyaga kwa nguvu zote, mara mbili, tatu, na kila alipokanyaga gia ilishuka, na mashine ikalia, na yeye haelewi kwa nini haisimami. Huyu alikuwa anatafuta breki."

"Denis?"

"Hata kidogo! Denis nimemfundisha mimi, Denis mguu wake wa kushoto haujui breki. Siku ile nilipompa hii yangu ajaribu, alikuwa anatia gia kila anapotaka kusimama, tukacheka mpaka..."

Akauweka mfuko mezani. Mvua ilisikika kwenye bomba la nje. Inspekta aliiacha kalamu mfukoni. Alikuwa amewahoji wezi na walevi na waongo wa kila rangi, na alikuwa amejifunza kwamba kuna mahali ambapo swali ni ukatili mtupu.

Chini ya meza, buti la kushoto la mzee lilisogea. Kisigino kilibaki sakafuni, kidole kikashuka, kikakanyaga saruji. Kikainuka. Kikakanyaga tena. Mzee aliutazama mguu wake kama anayemtazama mtu aliyeingia bila kubisha hodi.

"Tulipiga kura," alisema.

"Mlipiga."

"Ulibaki ufunguo gani ndani ya kofia?"

Inspekta alitazama sakafu.

"Mwekundu," alisema mzee. "Ulikuwa na utepe mwekundu. Naona utepe. Baada ya hapo sioni kitu, ila Ivonne." Akavua miwani, akaifuta kwa flana yenye grisi, akaivaa ikiwa chafu zaidi. "Yule mama yuko hai?"

"Yuko hai. Anadai uyoga wake."

"Ataweza kutembea?"

"Madaktari wanasema ataweza, kwa fimbo."

"Kwa fimbo," alirudia. Kisha: "Wiki nzima nimemtukana yule kijana. Mbele ya watu. Na hakunijibu hata neno moja."

"Hakukujibu."

"Nilidhani ni aibu iliyomfunga mdomo." Mzee alinyoosha mkono na kuifunga koki ya mafuta ya pikipiki yake, ingawa ilikuwa imekwisha kufungwa. "Nipeleke unakonipeleka, mwanangu. Lakini tupitie ng'ambo ya barabara kwanza."

*

Walipoingia baani, watu wote waligeuka. Denis alikuwa amesimama karibu na mlango, koti linamdondoka maji. Alikuja mbio kutoka shuleni na alikuwa amechelewa. Mzee Learco alimpita bila kumtazama. Alizunguka kaunta, akafungua kabati la mabakuli ya paka, akatoa kikombe, akakiosha mwenyewe kwa maji ya moto na kukikausha kwa ncha ya shati lake. Akakirudisha kwenye msumari wake. Msumari ulimkwepa, ikabidi ajaribu mara ya pili.

"Aliyemgonga Argia Lolli ni mimi," alisema akiwa amewapa mgongo. "Ninyi mlijua, mimi sikujua. Mlitaka kunifichia aibu. Basi nisikilizeni: kumgonga yule mama ilikuwa ajali. Kumtukana kijana huyu siku zote hizi, hiyo haikuwa ajali, na ninyi mlikaa hapa mnakunywa, mkaniacha nitukane."

"Mzee..." Nevio alianza.

"Nyamaza, Nevio. Na huo mguu wako umepata nini, maana sasa siamini hata gunia."

"Gunia ni la kweli," alisema Nevio kwa sauti ndogo. "Kwa jina la mama yangu."

Mzee alikishusha kikombe chake mwenyewe kutoka msumari wa kwanza, wa rais, akakisukuma juu ya kaunta mbele ya Ivonne. Kisha akamgeukia Denis, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.

"Ulipita vizuri kwenye kona na pikipiki yangu?"

"Vizuri, mzee," alisema Denis. "Ila nilipotaka kusimama, nilitia gia."

Mzee alicheka mara moja, na kicheko kikamgeukia kilio njiani. Denis alimshika bega.

Inspekta Nives alitazama mlango, akatazama mvua, akatazama kiti. Jalada lilitakiwa kesho, na lilihitaji kuandikwa upya lote, na maelezo ya watu sita yachukuliwe tena, safari hii ya kweli. Ivonne alikuwa bado amekishika kile kikombe cha rais. Hakukitundika, wala hakukiweka kabatini. Alikichotea supu mpaka juu, akakiweka mezani mbele ya mzee.

"Leo hujala," alisema. "Safari hii nimehesabu mimi."

Mzee alimtazama Inspekta, akingoja ruhusa.

"Kula kwanza," alisema Inspekta, na akaketi. "Kituo cha polisi hakina miguu."

Nawe uliyeisoma hadithi hii hadi hapa, usiilaze kabatini. Mpe mwenye baba mzee ambaye hajakubali kuachia funguo. Na mpe pia mwenye rafiki anayefichwa ukweli kwa wema. Akimaliza, mwambie naye asikae nayo.